Udongo Mwekundu na Mpira wa Maji
Mwaka 1947, Serikali ya Uingereza ilipoanzisha mradi wa karanga, na Nachingwea ikawa miongoni mwa maeneo yake matatu pamoja na Kongwa na Urambo, ardhi iliyozoea jembe la mkono iliingiliwa na matrekta, baadhi yake yakiwa yameundwa kutokana na vifaru vya vita. Mwaka 1951 Uingereza ikaukatia tamaa mradi ule. Vumbi jekundu likabaki.

Hata leo, Nachingwea na jirani yake Ruangwa, mwenye kuosha gari lililojaa vumbi hilo, akiisha kuliegesha kivulini, huziba nusu ya mdomo wa mpira kwa kidole gumba, maji yapate nguvu, akaanzia juu na kuteremka hadi uvunguni, maana tope kavu likisuguliwa kabla ya kulowana hukwaruza rangi. Kisha hufunga bomba hima, kwani maji ni neema, na israfu haina baraka.