Daftari la Duka, Kutoka Mombasa Hata Buffalo

Wazee wetu wa Mombasa walichukua mchele, samli na tende kwa daftari. Mwenye duka alijua nani ana mgeni na nani ana msiba; nasi tulimjua yeye na babaye.

Daftari la Marekani lilianza kwa mistari myeusi ya msimbopau. Tarehe 26 Juni 1974, katika duka la Marsh mjini Troy, magharibi ya Columbus, pakiti ya chingamu ya Wrigley's ilikuwa bidhaa ya kwanza yenye msimbopau wa UPC kuuzwa kwa kusomwa na mashine. Baadaye maduka kama Kroger, huko Louisville na Columbus, na Tops huko Buffalo, yakatoa kadi za wateja, zikaunganisha bidhaa na jina la mnunuzi. Mwaka 2015 Kroger ikaunda kampuni ya 84.51° kuchambua manunuzi hayo na kuelekeza matangazo.

Basi, ndugu zangu, punguzo lifikalo simuni mwenu si bahati. Ni ujira wa habari za jikoni mwenu. Daftari la kale, deni likilipwa, jina lilipigwa mstari. Hili halifungwi kwa kulipa. Tuandike wenyewe mapishi ya nyumba zetu, wajukuu wasije wakaliuliza duka bibi yao alikula nini.