Kamera Waliyoiacha Matajiri Ndiyo Kamera Yetu

Nyumbani kwetu Lamu kuna picha moja tu ya babu. Imetundikwa sebuleni kwa bibi. Babu amevaa kanzu na kofia, mkono mmoja ameuweka kwenye kiti, na nyuma yake kuna ziwa, miti mirefu na mlima wenye theluji. Nilipokuwa mdogo niliamini kabisa kwamba babu aliwahi kufika Ulaya. Siku moja nikamuuliza bibi, huku ni wapi? Bibi alicheka mpaka akashika mbavu. "Mwanangu, hilo ni pazia la studio. Babu yako mlima hakuwahi kuuona."

Babu alikuwa baharia. Miaka yake yote aliimaliza kwenye jahazi, akipakia boriti za mikoko. Lakini picha ya jahazi lake hatuna. Picha ya ufuo aliokuwa akipakia hatuna. Tuna pazia.

Nimeikumbuka picha hiyo kwa sababu kila wiki kuna mtu ananiuliza swali lile lile: "Nina elfu ishirini, thelathini hivi, ninunue DSLR gani ya kupiga mandhari?" Nimekuwa nikijibu kwa jina la modeli na kumaliza. Leo nataka kujibu vizuri, kwa sababu swali hili ni la kihistoria kuliko watu wanavyodhani. Bei ya kamera ndiyo imekuwa ikiamua nani anapigwa picha, wapi, na kitu gani kinabaki baada yetu.

Tuanze mwanzo. Mwaka 1839 Mfaransa Louis Daguerre alitangaza njia yake ya kunasa picha kwenye bamba la shaba lililopakwa fedha. Haikuchukua hata miaka kumi, njia hiyo ikafika pwani yetu. Charles Guillain, nahodha wa jeshi la majini la Ufaransa, alizunguka pwani ya Afrika Mashariki kati ya 1846 na 1848, na safari yake ilirudi na picha za watu na miji ya huku. Lakini angalia ni nani aliyezibeba kamera hizo: manowari ya serikali ya Ufaransa, iliyotumwa kuchunguza biashara. Mtu wa kawaida angetoa wapi mabamba ya fedha?

Baadaye zikaja studio. Kule Unguja, A. C. Gomes, mwenye asili ya Goa, alikuwa na studio katika karne ya 19. Mwaka 1930 Ranchhod Oza akafungua Capital Art Studio hapo hapo Unguja. Na huku kwetu Lamu alikuwako Omar Said Bakor, aliyezaliwa 1932 na kufariki 1993. Huyu mzee ni shujaa wangu. Hakusomea upigaji picha popote. Alijifunza mwenyewe, akafungua Bakor Studio, na akawa anaunganisha picha kwa mkono ndani ya chumba cha giza, mambo ambayo sisi leo tunafanya kwa programu za simu na kujiona mafundi. Mimi niliyeacha chuo mwaka wa pili, nikisoma habari zake natembea kifua mbele.

Sasa, kwa nini studio zilijaa nyuso na mapazia, na siyo ufuo? Jibu ni hesabu tu. Filamu ilikuwa na idadi ya picha, na kila picha ilikuwa pesa: filamu yenyewe, dawa, karatasi. Mteja alilipia uso wake. Hakuna mteja aliyeingia studio akasema, nipigie ule mkoko pale Manda, nitalipa. Kwa hiyo picha nyingi za mandhari yetu zilipigwa na watu wenye filamu ya kuchezea: maofisa wa kikoloni, wasafiri, wauza postikadi. Walipiga walichokiona kizuri wao. Siwalaumu. Lakini ndiyo maana ukitafuta Lamu ya zamani unapata milango ya nakshi na punda, na hupati pale ambapo babu yako alitia nanga.

Kila bei iliposhuka, mambo yalibadilika. Mwaka 1900 kampuni ya Kodak ilitoa kamera ya Brownie kwa dola 1. Sanduku la kadibodi, lenzi rahisi, basi. Wenye kamera kubwa walikiona kitu cha kitoto. Lakini Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi 1943, kamera yake ya kwanza akiwa kijana ilikuwa Box Brownie ya mitumba, aliyoinunua kwa shilingi 40. Huyo ndiye Mo Amin ambaye mwaka 1984 picha zake za njaa ya Ethiopia ziliitikisa dunia nzima. Nawaambia hivi ili mtu asije akaniambia kwamba hawezi kuanza kwa sababu hana kamera ya laki tatu.

Tuje kwenye dijitali. Mwaka 1975 Steve Sasson, mhandisi wa Kodak, alitengeneza kamera ya dijitali ya majaribio. Ilikuwa na uzito wa karibu kilo 4 na iliandika picha moja kwenye kaseti kwa sekunde 23. Mwaka 1991 Kodak hao hao wakatoa DCS, kamera ya kwanza ya aina ya DSLR kuuzwa. Ilikuwa ni Nikon F3 iliyotiwa sensa ya megapikseli 1.3, na mpiga picha alitembea na sanduku la kuhifadhia picha begani kama mkoba. Bei yake ilikuwa makumi ya maelfu ya dola. Mwaka 1999 Nikon wakatoa D1, megapikseli 2.7, zaidi ya dola 5,000. Hizo zilikuwa za magazeti makubwa. Lamu hatukuwa hata kwenye foleni.

Mlango ulifunguka Agosti 2003. Canon walitoa EOS 300D, megapikseli 6.3, kwa bei ya chini ya dola 1,000. Mwili wake ulikuwa wa plastiki, na wataalamu wakaucheka. Lakini baada ya hapo ushindani wa bei haukusimama tena. Kufika 2012 Nikon walikuwa wanauza D3200, megapikseli 24, pamoja na lenzi yake, kwa dola 699. Mwaka huo huo kamera yao kubwa kuliko zote, D4, ilikuwa na megapikseli 16 na bei ya karibu dola 6,000. Soma tena hapo. Ile ya bei rahisi ilikuwa na megapikseli nyingi kuliko ile ya mabosi. D4 ilikuwa bora kwa mpira, vita na giza, kwa sababu ilikuwa na kasi na mwili wa chuma. Lakini mkoko haukimbii. Jiwe halifungi bao. Kwa mandhari, tofauti ya pesa zile ilikuwa ikilipia vitu usivyovihitaji.

Halafu likaja jambo ambalo ndilo bahati yetu. Mwaka 2008 Panasonic walitoa G1, kamera isiyo na kile kioo cha ndani ambacho DSLR inacho. Sony wakafuata na A7 mwaka 2013. Mwaka 2018 Canon na Nikon nao wakatoa zao kubwa za aina hiyo, na tangu hapo nguvu zao zote zimehamia huko. Matajiri wakahama nao. DSLR zao wameziuza. Zimeshuka bei kama samaki wa jioni, lakini samaki huyu hajaoza. Sensa iliyokuwa nzuri 2014 haijawa mbaya kwa sababu mtu wa London amenunua kitu kipya.

Kwa hiyo jibu langu kwa mwenye elfu thelathini ni hili.

Tafuta DSLR ya mitumba ya kuanzia 2012 kuja juu, ya daraja la chini. Mimi natumia Nikon D3200. D3300 ya 2014 ni nzuri zaidi kidogo, kwa sababu waliondoa kile kichujio mbele ya sensa kinacholainisha picha, kwa hiyo majani na mawe yanatoka makali. Kwa Canon za bei hiyo, nyingi zina sensa ya megapikseli 18, nazo zinatosha. Lakini kuna jambo linalotuhusu sisi hasa. Mji wetu unatazama Manda, jua linachomoza mbele yetu kabisa. Alfajiri anga inawaka na mikoko bado ni giza tupu. Ukija kuivuta ile sehemu ya giza kwenye kompyuta, sensa za Nikon za miaka ile zinakuonyesha majani, wakati zile za Canon zinakuonyesha chengachenga mapema zaidi. Piga kwa faili za RAW, siyo JPEG, maana JPEG imeshatupa nusu ya hayo kabla hujafika nyumbani.

Usimalize pesa yote kwenye mwili wa kamera. Hapa ndipo watu wanakosea. Weka pembeni pesa ya tripodi, nzito kiasi cha kusimama wakati kusi inavuma. Kamera ya elfu ishirini juu ya tripodi inayosimama itaishinda kamera ya laki mkononi, saa kumi na mbili asubuhi, kila siku. Lenzi ya kawaida ya 18-55 inatosha kuanzia. Funga tundu lake mpaka f/8 au f/11, ISO iache 100, na utashangaa. Ukitaka upana zaidi baadaye, Canon wana 10-18 ambayo ilitoka 2014 kwa dola 299, na hapo mtu wa Canon anatucheka sisi wa Nikon, kwa haki. Ukichagua Nikon za D3000 na D5000, jua kwamba mwilini hazina mota ya kuvuta fokasi, kwa hiyo lenzi za zamani itabidi uzizungushe kwa mkono. Kwa mandhari si tatizo. Mkoko utakungoja.

Kabla hujalipa, kagua. Mimi mara ya kwanza nilitumiwa kamera kutoka kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni, picha za tangazo zinang'aa, na lenzi ilipofika ilikuwa imeota kuvu ndani. Elfu nane ilikwenda hivyo. Sasa nina desturi: namulika lenzi kwa tochi ya simu kutoka nyuma, nikiona nyuzi kama za buibui naiacha. Nauliza shata imebofywa mara ngapi. Nikon walisema shata za D3200 na D3300 zilijaribiwa kufika mara 100,000, kwa hiyo yenye 20,000 bado kijana, yenye 95,000 ni mzee mwenzangu. Napiga anga tupu kwa f/16 kuona madoa kwenye sensa.

Na ukishainunua, kumbuka unaishi wapi. Chumvi na mchanga vinaua kamera kuliko uzee. Usibadilishe lenzi juu ya vilima vya mchanga vya Shela. Ukirudi kutoka baharini, futa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo cha maji matamu. Vile vifuko vidogo vinavyokuja kwenye viatu vipya, usitupe, weka ndani ya begi la kamera vinyonye unyevu.

Sasa mtu ataniuliza, si simu inatosha? Kwa kupakia jioni ile ile, inatosha. Lakini nimewahi kujaribu kuchapisha picha ya alfajiri ya simu yangu kwa ukubwa wa ukutani, na mikoko ikatoka kama uji. Mimi nataka picha ambayo mjukuu wa mtu ataisogelea na kuona.

Kwa sababu mambo yanabadilika mbele ya macho yetu. Tarehe 20 Mei 2021 gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lilifunguliwa. Kabla ya hapo, mwaka 2018, Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi wa huku, zaidi ya 4,000, walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ya mradi ule. Sikuja hapa kubishana kuhusu bandari, hiyo ni posti nyingine. Ninachosema ni kwamba wazee wameeleza kwa mdomo jinsi sehemu zao zilivyokuwa, na mimi nilipotafuta picha zangu za huko za kabla, nilikuta selfi. Nyuma ya kichwa changu kuna kipande cha bahari. Basi, hata mimi nilikuwa na pazia langu.

Mwezi uliopita, siku ya bamvua, nilichukua D3200 yangu na tripodi, nikaenda ufuo ambao bibi aliniambia ndipo babu alipokuwa akipakia. Maji yalikuwa yamekupwa mbali. Nikapiga matope, mizizi, nguzo mbili zilizobaki, na Manda kwa mbali. Hakuna mtalii atakayeinunua. Nikaichapisha na kumpelekea bibi.

Aliiangalia muda mrefu. Kisha akaweka kidole kwenye nguzo ya kushoto. "Hapa," akasema, "ndipo alipofunga kamba."

Picha hiyo sasa iko sebuleni, chini ya ile ya mlima wenye theluji. Wewe uliyeko Faza, Siyu, Kizingitini au Kiwayu, na una elfu ishirini, usisubiri kamera mpya. Muulize bibi yako ni wapi, halafu tazama maji yanakupwa saa ngapi.