Elimu ya mfanyakazi na tija ya kampuni

Elimu ya mfanyakazi huhesabiwa kuwa inalingana na kazi pale masomo yake yanapotosheleza mahitaji ya kazi hiyo bila kuzidi wala kupungua. Mwenye shahada anayekata tiketi stendi ana elimu ya ziada. Aliyeishia darasa la saba akakabidhiwa kazi ya mwenye stashahada ana elimu pungufu.

Mjadala huu ulipata nguvu mwaka 1976, Richard Freeman alipochapisha kitabu kuhusu Wamarekani waliosoma kupita mahitaji ya soko la ajira. Mwaka 1981, Greg Duncan na Saul Hoffman waligawa miaka ya masomo katika mafungu matatu: inayohitajika, ya ziada na inayopungua. Walibaini kuwa miaka ya ziada huongeza mshahara, ila kwa kiasi kidogo kuliko miaka inayohitajika.

Hata hivyo, mshahara si tija. Kuhusu tija, wachumi walivutana. Wapo walioshikilia kuwa elimu humwongezea mtu uwezo popote anapofanya kazi. Wengine, wakiwemo Mun Tsang na Henry Levin, walionya kuwa aliyesoma kupita kazi yake huweza kukata tamaa, na uzalishaji ukashuka.

Mwaka 2012, Stephan Kampelmann na François Rycx walichapisha utafiti uliopima tija ya kampuni zenyewe, kwa takwimu za Ubelgiji za miaka 1999 hadi 2006. Walibaini kuwa tija hupanda kadiri kazi zinavyohitaji elimu ya juu zaidi. Kwamba miaka ya ziada nayo huinufaisha kampuni, iwe kwa vijana au kwa wafanyakazi wa umri mkubwa. Na kwamba elimu pungufu miongoni mwa vijana huishusha.

Matokeo hayo hayawezi kuhamishiwa Afrika Mashariki bila tahadhari, kwani hapa mafundi wengi hujifunza kazi karakana kwa kumtazama fundi mkuu. Miaka ya darasani haionyeshi ujuzi wao, na asiye na cheti huweza kunyimwa kazi anayoimudu. Ndiyo maana nchini Tanzania mamlaka ya ufundi stadi, VETA, huwapima mafundi wa aina hiyo na kuwapa vyeti. Kwa mwajiri, kuuliza mtu amesoma miaka mingapi hakutoshi. Sharti ajue pia anaweza kufanya nini.