Mrusi ni nani? Kabila, rangi na mstari wa tano

Sisi tukishasema Mrusi tumemaliza. Akishuka uwanja wa ndege Zanzibar ni Mzungu, na ukiuliza Mzungu wa wapi unajibiwa Mrusi. Basi. Kumbe huyo ndugu anaweza kuwa Mtatari, Mchuvashi, Mburyati au Mchecheni, na ukimwita Mrusi mbele ya wenzake anaweza kununa.

Wenyewe wana maneno mawili. "Russkiy" ni Mrusi wa kabila, wa lugha na wa ukoo. "Rossiyanin" ni raia wa nchi ya Urusi, awe wa kabila lolote. Hili la pili ni la zamani, lakini aliyelitia masikioni mwa watu ni Boris Yeltsin miaka ya 1990, maana kila akihutubia taifa aliwaita hivyo. Kiswahili chetu hakina tofauti hiyo, na magazeti yetu yanapotafsiri habari za huko yanayaweka yote mawili kwenye chungu kimoja. (Na hapa nina ugomvi kidogo: kwa nini Waafrika tunaandikwa "makabila" lakini wa Ulaya wanaandikwa "mataifa"? Mimi leo natumia kabila kwa wote.)

Sasa ongeza rangi uone mkorogo wake. Mwaka 1795 msomi wa Kijerumani, Johann Friedrich Blumenbach, aliwagawa binadamu katika mbari tano, na weupe akawapa jina la milima ya Kaukazi, kwa sababu fuvu alilolipenda kuliko yote lilikuwa la mwanamke wa Georgia. Ndiyo maana mpaka leo Mmarekani mweupe huitwa mtu wa Kaukazi, hata kama babu zake wametoka Ireland na hajui Kaukazi iko upande gani wa ramani. Lakini nenda Moscow. Huko mtu wa Kaukazi ni Mgeorgia, Muarmenia, Muazeri au Mchecheni, na mtu mwenye chuki akitaka kumtukana humwita "mweusi". Yaani wale wale waliowapa Wazungu jina la weupe wao, sokoni Moscow ni weusi! Polisi nao wakawa na msemo wao rasmi, "mtu wa utaifa wa Kaukazi", wakati utaifa wa namna hiyo haujawahi kuwepo. Kaukazi ina makabila mengi mno, na baadhi yao hawasikilizani hata lugha.

Mambo hayakuanza hivyo. Enzi za Tsar serikali ilimtambua mtu zaidi kwa dini na tabaka. Sensa ya 1897 iliuliza dini na lugha ya mama, haikuuliza kabila. Myahudi akibatizwa katika kanisa la Orthodox, vikwazo vingi vya kisheria vilimwondokea. Na Pushkin, mshairi wanayemwona Warusi kama baba wa lugha yao, baba wa babu yake mmoja alikuwa Mwafrika, Abram Gannibal, aliyeletwa mtoto mpaka kwa Peter Mkuu, akabatizwa, akasoma, akafa mwaka 1781 akiwa amefikia ujenerali. Wasomi bado wanavutana kama alitoka pande za Eritrea au karibu na Ziwa Chad. Lakini kwamba Pushkin ni Mrusi, huko hilo halina mjadala.

Walioligeuza kabila kuwa karatasi ni Wabolsheviki. Ajabu, maana nadharia yao ilisema tabaka ndilo jambo na kabila litayeyuka lenyewe. Sensa ya 1926 iliorodhesha makabila zaidi ya 150. Mwishoni mwa 1932 ikaja pasipoti ya ndani, na humo ikaandikwa kabila la mwenyewe. Mwanzoni mtu alijitajia. Baadaye ikawa la baba au la mama: wazazi wakiwa wa makabila mawili, kijana akifika miaka 16 anachagua moja. Hakuna nusu. Myahudi aliyezaliwa Moscow, hajui neno la Kiyidi, haamini Mungu, anabaki Myahudi kwenye karatasi. Katika fomu za kazini kipengele hicho kilikuwa cha tano, na "mstari wa tano" ukawa msemo wa mitaani: fulani kanyimwa kazi, au kanyimwa chuo, ana tatizo la mstari wa tano.

Serikali hiyo hiyo ilijigamba kwamba haina ubaguzi wa rangi, na kwa kweli nadharia za damu za Wajerumani iliziponda. Lakini Februari 1944 Wachecheni na Waingushi, karibu nusu milioni, walipakiwa kwenye mabehewa wakapelekwa Asia ya Kati, wazee na watoto, wanachama wa chama pamoja na askari waliokuwa vitani. Hakuna aliyepimwa fuvu. Ilitosha kabila lililoandikwa.

Waafrika walipoanza kwenda kusoma huko waliikuta hali hiyo ya pande mbili. Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa kilianzishwa 1960 na mwaka uliofuata kikapewa jina la Patrice Lumumba. Desemba 1963 mwanafunzi wa Ghana alikutwa amekufa nje ya Moscow. Wakuu walisema ni baridi na pombe. Wenzake waliamini ameuawa kwa sababu ya mchumba wake Mrusi, wakaandamana mpaka Uwanja Mwekundu na mabango yaliyoifananisha Moscow na Alabama.

Na kuna familia moja inayotuhusu kabisa. Mwaka 1931 Oliver Golden, Mmarekani Mweusi mtaalamu wa kilimo, alikwenda Uzbekistan na wenzake kusaidia kilimo cha pamba, akiwa na mkewe, Myahudi mwenye asili ya Poland. Binti yao Lily alizaliwa Tashkent, akaja kuwa mtafiti katika Taasisi ya Afrika ya Moscow. Akaolewa na Abdulla Kassim Hanga wa Zanzibar, yule aliyekuwa Waziri Mkuu baada ya Mapinduzi ya 1964 na kuuawa Zanzibar mwishoni mwa miaka ya 1960. Mtoto wao, Yelena Khanga, alizaliwa Moscow mwaka 1962, akawa mwandishi wa habari. Mjazie huyo mstari wa tano! Kwa fomu ya Marekani ni Mweusi, imekwisha. Kwa Kirusi anachozungumza, shule aliyosoma na vichekesho anavyovielewa, ni mtoto wa Moscow. Kwa ukoo wa baba ni wetu.

Mwaka 1997 Urusi ilitoa pasipoti mpya isiyo na kabila. Wengi Moscow walishusha pumzi, lakini Tatarstan na Bashkortostan walipinga vikali: kwao mstari ule ulikuwa ushahidi kwamba wapo. Katika sensa ya 2021 watu zaidi ya milioni 105 walijiandika Warusi wa kabila, na zaidi ya milioni 16 hawakuwa na kabila lolote kwenye takwimu. Na mwaka huo huo wa 1997 Yelena Khanga alianza kuongoza kipindi cha mambo ya mapenzi katika televisheni ya NTV, nchi nzima ikimtazama, amevaa wigi la rangi ya dhahabu na lenzi za bluu machoni.