Mkojo kutoka wenyewe kisha kuzaa: kinesiterapia inasaidia wapi?

Wamama wengi wanaishi na mkojo unaotoka bila kutaka, wakati wa kukohoa, kucheka ao kuinua bidoni ya maji. Wananyamaza, wakifikiri ni kawaida ya mwenye alizaa mara mingi. Wengine wanaambiwa ni ulozi. Kumbe mara nyingi ni misuli iliyolegea, na misuli inaweza kufundishwa tena. Hiyo ni moja ya kazi za kinesiterapia, tiba ya mazoezi inayofanywa na mtaalamu ambaye watu wanamuita kine.

Ni misuli gani?

Chini ya tumbo, kutoka mfupa wa mbele mpaka mfupa wa mwisho wa mgongo, kuna misuli iliyotandikwa sawa kitanda cha kamba. Inashikilia kibofu cha mkojo, kizazi na utumbo wa nyuma. Mimba, kuzaa kwa shida na kubeba mizigo mizito vinailegeza. Hapo mkojo unaponyoka, ao mama anasikia uzito, sawa kitu kinataka kushuka.

Zoezi linafanywa namna gani?

Munganga wa Marekani, Arnold Kegel, aliandika juu ya mazoezi haya katika mwaka 1948. Mama analala ao anakaa. Anabana sawa mtu anayezuia upepo na mkojo kwa mara moja, bila kukaza matako, bila kufunga pumzi. Anashika sekunde 5, analegeza sekunde 5, mara 8. Anarudilia asubuhi, mchana na mangaribi. Inaomba uvumilivu: miezi 3 hivi. Mbele ya kukohoa ao kuinua mzigo, abane kwanza. Asizoee kukata mkojo katikati wakati wa kukojoa.

Fistula ni kitu kingine

Kama mkojo unatoka usiku na mchana, bila hata hamu ya kukojoa, inaweza kuwa fistula: tundu lililotoboka juu ya uchungu uliochukua muda mrefu, ao juu ya kubakwa kwa ukali. Mazoezi peke yake hayafungi tundu. Mama aende hospitali mbio, kwani fistula ndogo ikionekana mapema inaweza kufunga kwa kuwekewa sonda tu. Ingine inaomba operesheni. Hospitali ya Panzi kule Bukavu, iliyoanzishwa mwaka 1999 na Dkt Denis Mukwege, inafanya kazi hiyo. HEAL Africa kule Goma vilevile.

Hapo pia kine ana nafasi yake. Mtoto akikaa sana njiani, anaweza kukandamiza mishipa ya fahamu, mama akabaki anaburuta mguu. Kine anaufanyisha mguu mazoezi ili usikauke. Na kisha operesheni, wamama wengine wanaendelea kupoteza mkojo hata kama tundu limefunga. Sonda ikitoka, na munganga akikubali, mazoezi ya kubana yanaanza.

Familia ifanye nini?

Kisha operesheni, kuni, maji na makala vibebwe na wengine. Bwana na bibi wangoje munganga awape ruhusa ya kulala pamoja. Mimba ingine ikikuja, mama azalie hospitali, si nyumbani. Na kama kituo cha afya hakina kine, muuguzi ao mkunga anaweza kuulizwa zoezi hili. Halilipishwi, na halina haya.