Mizani ya Kuwapimia Watawala wa Kale

Kusini ya Kinondo, kabla ya kufika Msambweni, uko mji mdogo wa Gazi. Hapo alikaa Mbaruk bin Rashid, Mmazrui, aliyepigana na Waingereza mwaka 1895, hata mwaka 1896 akakimbilia nchi ya Wajerumani. Wako wamsifuo kwa kuwa alikataa kutawaliwa na wageni. Lakini jamaa yake walikuwa na mashamba yaliyolimwa na watumwa. Je, tumwite shujaa au mdhalimu?

Wamarekani nao huulizana hivyo juu ya marais wao. Thomas Jefferson aliandika mwaka 1776 ya kwamba watu wote wameumbwa sawa, na mwaka 1807 akatia sahihi sheria ya kukataza kuingiza watumwa nchini. Lakini katika maisha yake alimiliki watumwa zaidi ya 600. Abraham Lincoln alitangaza uhuru mwaka 1863, lakini kwa watumwa wa majimbo yaliyoasi tu.

Turudi pwani yetu. Seyyid Barghash alilifunga soko la watumwa la Unguja mwaka 1873. Tendo lilikuwa jema, ila alikubali baada ya kutishwa kwamba manowari za Kiingereza zingekizingira kisiwa chake. Na Waingereza je? Walijisifu kuwa ni adui za utumwa. Lakini walishika utawala wa pwani hii mwaka 1895, wasiufute utumwa kisheria mpaka 1907, kwa kuchelea mashamba yasije yakakosa watu wa kuyalima. Baadaye wakawatengea Wazungu ardhi nzuri ya bara, na Mwafrika wakamvika kipande shingoni.

Wengine husema kwamba mtu wa kale apimwe kwa desturi za zama zake. Neno hili lina haki ndani yake. Lakini desturi za nani? Mtumwa naye aliishi zama zizo hizo. Watoro waliojenga makao yao Fuladoyo, nyuma ya Takaungu na Malindi, hawakungoja wanahistoria waje kuwafunza kuwa utumwa ni dhuluma. Walikwisha kutoa hukumu yao kwa miguu.

Basi, mwanafunzi, usomapo habari za mtawala, usiishie kwenye maneno yake. Tazama alitenda nini, kwa hiari au kwa kulazimishwa, na nani aliyebaki nje ya wema wake. Kisha umpe sifa anayostahili, wala usimfichie kosa lake.