Kutoka Mkaa Jikoni hadi Majaliwa

Miongoni mwa mashujaa wadogo wa mwanzo kupigwa chapa kwa Kiswahili ni kitinda mimba wa Sultani Majinuni. Ngano yake ilisimuliwa Unguja, ikaandikwa na mmisionari Edward Steere, na kutolewa London mwaka 1870 katika mkusanyiko wenye Kiswahili ukurasa mmoja na Kiingereza ukurasa wa pili. Mpangilio huo unatosha kuonyesha msomaji aliyelengwa: mgeni anayejifunza lugha. Watoto wa Unguja hawakukihitaji kitabu hicho. Ngano walikuwa nazo kwa bibi zao.

Kijana huyo alidharauliwa kwa kukaa jikoni, na George Bateman alipoisimulia ngano hiyo kwa Kiingereza mwaka 1901 alimtaja kwa jina la Mkaa Jikoni. Kaka zake walipewa zamu ya kulinda mtende wa baba yao usiliwe na ndege, wakapitiwa na usingizi mmoja baada ya mwingine; yeye alikesha, mchanga mdomoni ili asisinzie. Baadaye paka wa sultani akageuka nunda mla watu, akaua hata wana wa sultani, na kitinda mimba akaingia porini kumsaka. Hapo ndipo utamu ulipo. Kila mnyama anayemuua anamkokota hadi kwa mama yake akidhani ndiye: kwanza mbwa, baadaye pundamilia, twiga, kifaru, tembo. Kila mara mama anamwambia siye, naye anarudi porini. Nguvu za mkono si kitu sana katika ngano hii; linalopimwa ni kama kijana ataweza kukosea mbele ya watu na kuanza upya, tena kwa kosa kubwa kuliko la jana.

Shule za kikoloni zilileta mashujaa wengine. Frederick Johnson, katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha ya Kiswahili iliyoundwa mwaka 1930 kwa ajili ya Tanganyika, Zanzibar, Kenya na Uganda, alifasiri riwaya kadhaa za Kiingereza, ikiwemo Kisiwa chenye Hazina. Kiswahili chake kilikuwa safi, lakini mtoto jasiri aliyekutwa humo alikuwa Jim Hawkins, kijana wa Kiingereza anayepambana na maharamia.

Baada ya uhuru vitabu vya shule viliongezeka, ila vile vya kujisomea tu vilibaki haba, kwa kuwa wachapishaji waliogopa kubaki na shehena isiyonunuliwa. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza Tanzania mwaka 1991, uliwapunguzia hofu hiyo kwa kununua sehemu kubwa ya nakala na kuzigawa shuleni.

Katika muongo huohuo adui alibadilika sura. Kongowea wa Siku Njema, riwaya ya Ken Walibora ya mwaka 1996, hana nunda wa kuua. Mama yake, mwimbaji wa taarabu wa Tanga, amefariki, naye anavuka mpaka hadi Kitale kumtafuta baba asiyemjua. Kitabu hicho kilitahiniwa katika shule za sekondari Kenya, hivyo wengi walikutana na Kongowea wakiwa na umri wake.

Edwin Semzaba aliirudisha safari ya kusaka katika kitabu chake Marimba ya Majaliwa cha mwaka 2008. Safari hii kinachosakwa ni marimba iliyoibwa, na Majaliwa, mvulana aliyeibiwa, anazunguka Tanzania nzima kuifuata.